Firigisi Ni ya Nani?

Sogeeni karibu. Mwenye swali aliweke mfukoni kwanza, kwa sababu leo wa kuuliza ni mimi.

Palikuwa na wasichana watatu waliopanga vyumba katika nyumba moja, jirani na chuo kikuu huko Dodoma. Eliwaza alijaliwa jicho la sokoni: akitupia fungu la nyanya jicho mara moja tu, anajua zile nzuri za juu zimefunika nini chini. Mwanaidi alijaliwa mkono wa jikoni: mpe maharage na kitunguu kimoja, majirani watauliza leo kuna sherehe gani. Tusajigwe hakujua soko wala jiko, hata chai ilimshinda. Yeye alijaliwa sikio, basi.

Chumba cha nne akaja kupanga Kalunde, binti wa Sikonge, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Alifika na bumu, ile fedha ya mkopo ya wanafunzi, na maishani mwake hakuwahi kushika fedha nyingi hivyo. Msimwite mlafi. Alikuwa mpweke. Darasani watu walijaa mpaka madirishani na hakuna aliyejua jina lake, lakini kwenye banda la chipsi muuzaji alimwuliza, "Dada, niweke pilipili?" Hilo ndilo swali pekee aliloulizwa siku nzima, naye akawa analifuata kila jioni. Leo chipsi kuku na soda, kesho chipsi mayai na soda. Fedha ikaota mbawa muhula ukiwa bado mbichi.

Akahamia kwenye chai na maandazi, kisha chai tupu. Mlango akawa anaufunga kwa aibu. Kila jioni mama yake alimpigia simu.

"Umekula, mwanangu?"

"Nimekula, mama. Wali maharage."

"Na mboga?"

"Na mchicha."

Simu ikikatika, analia huku ameuma kanga asisikike. Siku moja akavuta begi kutoka uvunguni mwa kitanda, akaanza kupanga nguo. Aliona heri arudi akalime tumbaku na mama yake kuliko kukaa na njaa peke yake katikati ya watu wote wale.

Sikieni alichofanya Tusajigwe. Ukuta kati ya chumba chake na cha Kalunde ulikuwa wa mbao nyembamba. Kila jioni alisikia habari za wali, maharage na mchicha, lakini hakuwahi kusikia kijiko kikigonga sahani. Jioni hiyo akasikia zipu ya begi. Akaenda kugonga.

"Nani?"

"Jirani yako. Fungua."

"Nimeshalala."

"Umelala huku unafunga begi?"

Kalunde akafungua. Tusajigwe hakuwa na hata kipande cha mkate cha kumpa. Alimshika mkono tu, akamtoa nje mpaka uani walipokuwa Eliwaza na Mwanaidi. Bila yeye, Kalunde angepanda basi la asubuhi.

Sikieni na alichofanya Eliwaza. Alimwuliza Kalunde amebakiwa na kiasi gani, akaoneshwa, na wala hakucheka. "Hii kwako ni chipsi za kesho na keshokutwa," alisema. "Kwangu mimi tunafika nayo mwisho wa mwezi." Akampeleka sokoni jioni, saa ambayo wauza mboga wanakunja maturubai na hakuna anayetaka kurudi nyumbani na mzigo. Akamfundisha kuchagua dagaa kwa kunusa, kununua maharage mengi kwa pamoja na kugawana na wenzake, na kuliacha fungu na kuondoka taratibu mpaka muuzaji amwite. Watu humwita Eliwaza mkono wa birika, naye anajua. Lakini bila mkono huo sufuria ingekaa tupu.

Haya, na Mwanaidi? Maharage yalikuwa makavu, dagaa wana mchanga, mkaa wenyewe wa kubahatisha. Mwanaidi aliyaloweka maharage mapema yasimalize mkaa, akawachambua dagaa mmoja mmoja, akakuna nazi moja, tui nusu kwenye mchicha na nusu kwenye maharage. "Njoo ukoroge," alimwambia Kalunde, "usinikalie hapo kama mgeni." Kalunde alikula, akaenda kunawa, akarudi akaomba tena. Bila Mwanaidi, vya sokoni vingeozea kapuni.

Tangu siku hiyo wakawa wanakula wanne, sinia moja. Begi likarudi uvunguni.

Ndipo Kalunde akamweleza mama yake ukweli wote. Siku chache baadaye mama akatuma jogoo kwa basi, pamoja na neno.

Kwao firigisi huliwa na yule anayelisha nyumba. Haikatwi wala haigawanywi. Baba alipokuwa hai aliila yeye. Alipofariki ikawa ya mama, naye kila akiila alitokwa machozi. Sasa mama akasema, "Mwanangu, kwa sasa mimi sikulishi. Huku nakula peke yangu. Firigisi mpe anayekulisha huko, halafu unitajie jina lake, nijue wa kumshukuru."

Jogoo akapikwa. Sinia likawekwa uani, firigisi juu ya wali. Mwanzoni ulikuwa utani.

"Iko wazi," alisema Eliwaza. "Bila mimi mngepika mawe."

"Na wewe bila mimi ungetafuna maharage makavu," alijibu Mwanaidi.

Tusajigwe akasema polepole, "Nyinyi mlimlisha mtu aliyekuwepo. Nisingegonga mlango, mngemlisha nani?"

Utani ukaishia hapo. Eliwaza akainama, akawa anachezea ukingo wa sinia. Mwanaidi akasema yeye hana haja nayo, na sauti yake ilionesha kwamba anayo.

"Tuikate," alisema Kalunde.

"Lakini kwenu haikatwi," alisema Mwanaidi.

"Basi niile mimi."

"Kwani wewe unajilisha?" aliuliza Tusajigwe, bila ubaya.

Kalunde aliogopa. Aliiona kesho yake, kila mlango umefungwa, yeye yuko ndani tena anasikiliza vijiko vya watu kupitia mbao.

Simu ikaita.

"Umekula, mwanangu?"

"Bado, mama."

Tangu aanze chuo, hakuwahi kumjibu mama yake hivyo.

"Firigisi umempa nani?"

Wasichana watatu wakatazama chini. Kule Sikonge mama alikuwa ameketi na sahani yake moja, anasubiri kutajiwa jina.

Mimi niliwaacha hapo, wali unapoa. Mmoja alisikia, mmoja alinunua, mmoja alipika, na ukimtoa yeyote kati yao, Kalunde yuko kwenye basi la kurudi kwao. Haya, mwiko wa kupakulia nauweka mikononi mwenu, nyinyi mlioshiba na nyinyi ambao bado. Mama yuko kwenye simu. Wewe ungemtajia jina la nani?