Hodi Tisini na Tisa

Mwaka ambao hata nyasi zilikata tamaa, mahindi yalibaki katika ghala moja tu, la Simba. Kila nyumba ilikuwa na fungu lake humo. Ili kulipata ulipiga hodi, ukakaribishwa kwa kata ya uji, kisha ukamtajia Kobe, bawabu, neno la mwezi huo. Neno lenyewe Kanga alilitoa bure kisimani.

Fisi hakwenda kisimani. Alifika langoni na neno la mwezi uliopita.

"Hodi!"

"Karibu. Uji huu hapa. Neno?"

"Mbaazi."

"Silo, bwana Fisi. Nenda kwa Kanga ukaulize."

Fisi akalamba midomo, akarudi nyuma hatua moja.

"Hodi!"

"Karibu. Uji huu hapa. Neno?"

"Mbaazi."

Mimi ningemmwagia uji huo. Lakini Kobe alikuwa kiumbe wa utaratibu, na kwake kila hodi ilikuwa ya mgeni mpya. Kufikia adhuhuri Fisi alikuwa amepiga hodi tisini na tisa, tumbo limemtuna, na kila mara anauliza hali ya watoto. Kobe hakuwa na watoto, ila alijibu kwamba hawajambo.

Nyuma ya Fisi alisimama Swala, neno sahihi analo, na wanawe wawili hawajatia kitu mdomoni tangu juzi.

"Kaka Fisi, nipishe. Wanangu wanakufa njaa."

"Foleni ni foleni, dada. Mimi bado nahudumiwa."

Sungura, wa tatu katika foleni, akazungukia uani kwa Simba.

"Shikamoo, mfalme. Huko nje wanasema hujui kukataa."

"Mimi?" Simba alinguruma, kuku wa jirani wakataga papo hapo.

"Lango lako limemkataa Fisi mara tisini na tisa, na bado linampa uji. Kwetu sisi mtu hupiga hodi tatu. Akikosa, hujiondokea."

Simba hakutaka kuzidiwa na nyumba ya Sungura. Akatoa amri: hodi tatu tu. Anayekosa ya tatu arudi kwake, awaambie waliomtuma kwamba amekosa, na asionekane tena bila neno jipya.

Fisi akaondolewa kwa kuviringishwa, maana miguu haikufika chini. Swala akachukua fungu lake mbio. Njiani akapita kwa Fisi, akamkuta mkewe na watoto wamekizunguka chungu kitupu. Akamsimulia yote, akampimia kibaba.

Alasiri Fisi akafika kwake. Mlango umefungwa, ndani kunanukia mahindi yanayochemka.

"Hodi!"

Mwiko ukagonga chungu.

"Hodi, mke wangu! Nimekosa neno, lango lile lina roho mbaya!"

Watoto walisikika wakitafuna.

"Hodi jamani!"

"Hiyo ya tatu, baba watoto," mkewe akajibu. "Kisimani ni njia ile."