Kiwanja cha Kindi cha Kupimia Mbio

Hapo zamani za kale, saa ilipokuwa haijaletwa na kila mtu akichelewa kadiri apendavyo, palikuwa na Kindi, mama wa watoto wanne, na majirani zake watatu: Tembo, Nyati na Kifaru. Wote walikuwa wakulima. Wewe unayecheka huko nyuma, ndiyo, Tembo alikuwa na jembe. Hadithi ni yangu.

Kijijini kwao walilima kwa ujima. Leo wote kwa Tembo, kesho wote kwa Nyati, kila mmoja anakatiwa ngwe yake, kipande chake cha kulima, na mwenye shamba anapika togwa, uji mtamu wa kunywa. Kindi alilima kwa Tembo. Akalima kwa Nyati. Akalima kwa Kifaru mpaka kucha zikamwisha. Ikafika zamu yake.

Asubuhi akapika togwa, akaenda kwa Tembo.

"Hodi!"

"Karibu. Aa, mama watoto! Leo ni kwako, sijasahau. Tangulia, naja sasa hivi."

Akaenda kwa Nyati. "Shemeji, leo ni kwangu."

"Nakuja mbio!" akasema Nyati, akageukia ubavu wa pili, akaendelea kulala.

Kifaru hakupenda maneno mengi. "Chapuchapu," akasema, akafunga mlango. Paa!

Kindi akangoja. Jua likapanda, likashuka, togwa ikachacha. Siku ya pili ikawa vilevile, ila Tembo alisema "upesi" na Nyati akasema "hima". Siku ya tatu Kindi alikaa kizingitini akalia kwa hasira. Ndani alikuwa na kibaba kimoja cha karanga za mbegu, na watoto wanne waliokitazama kibaba hicho kutwa nzima. Mawingu yalikwisha kutanda. Mvua ikinyesha shamba halijalimwa, mbegu zitaliwa, na baada ya mbegu hakuna kingine cha kula.

"Mama, wanakuja lini?" akauliza mdogo wao.

"Maneno wanayo," akasema Kindi akijifuta machozi. "Wanachokosa ni miguu."

Kisha akainuka, akajifunga kanga kiunoni, akarudi kwa Tembo.

"Mzee, nisamehe, si habari ya shamba. Nimepita kwa shemeji Nyati. Anasema 'sasa hivi' yako ni mwendo wa wagonjwa. Mwendo wenyewe, anasema, ni 'mbio' yake."

"Nyati kasema hivyo?"

"Mimi nimeambiwa tu, mzee wangu."

Tembo akatoka na blanketi begani. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuonekana nje kabla ya adhuhuri.

"Umesema nini kuhusu mimi?" akamngurumia Nyati mlangoni.

"Sijasema," akajibu Nyati. "Lakini ni kweli."

Loo! Wakaanza. Kwa kelele zile hata Kifaru akafungua mlango, akasema, "Chapuchapu inawashinda wote," akabaki pale pale, tayari kupigana.

"Jamani, wazee wangu!" akasema Kindi. "Maneno ya mwendo yanapimwa kwa mwendo. Kiwanja ninacho, kipo tu hakina kazi. Ila ardhi yake ni ngumu, haishiki nyayo, na kesho mtabishana tena. Basi kila mmoja ajifunge kamba kiunoni, avute kisiki chenye mizizi. Mizizi ichimbe, mstari uonekane, tujue nani kafanya nini."

"Ana akili huyu," akasema Tembo, akimruhusu Nyati ampimie kamba. Kwa kiuno chake ilibidi waunge kamba nne.

Wakajipanga. Kindi akapanda juu ya kichuguu. "Haya!"

Gudu, gudu, gudu! Kwaruu! Vumbi likapanda, udongo ukapinduka, wakafika mwisho wa kiwanja ndimi nje.

"Nani?" akauliza Nyati.

"Mmelingana. Hiyo ilikuwa haraka. Sasa tupime upesi. Mistari mipya, tafadhali. Mkipita pale pale, nitajuaje upesi ni upi na haraka ni ipi?"

"Kweli," akasema Tembo. "Atajuaje?"

Wakapima upesi. Wakapima hima. Wakapima kasi, wakapima mbio, na chapuchapu wakaipima mara mbili kwa sababu Kifaru alikata rufaa. Nyuma yao watoto wanne walikuwa wakiinama na kuinuka kwenye mistari.

"Hao wanafanya nini?" akauliza Kifaru.

"Wanaweka alama."

"Alama gani?"

"Za karanga."

Kifaru akaridhika.

Maneno yakaisha, na kona moja karibu na kichuguu ilikuwa bado ngumu. Ngurumo zikasikika.

"Limebaki moja," akasema. "Mjini siku hizi wanasema fasta."

"Ndiyo nini?"

"Ni haraka hiyohiyo, ila ina kona."

"Mimi ni fasta tangu nizaliwe!" akasema Nyati, akaondoka na kisiki chake kabla hajaambiwa. Gudu, gudu! Wenzake nyuma. Kona ikaisha.

Mtoto wa mwisho akafukia karanga ya mwisho. Tone la mvua likaanguka juu ya pua ya Tembo.

"Mshindi!" wakasema wote watatu. "Tunataka mshindi!"

"Nawajibu sasa hivi, wazee wangu," akasema Kindi. Akaingiza watoto ndani, akafunga mlango. Paa!

Mvua ikamwagika.

"Amesema sasa hivi," akasema Tembo.

"Basi hatutangoja sana," akasema Nyati.

Wakangoja mpaka jioni, wakarudi kwao wanakohoa.

Baada ya wiki tatu walikuja tena kudai jibu. Wakakuta kiwanja chote ni majani ya karanga, mstari kwa mstari.

"Mistari hii naijua," akasema Nyati. "Ule uliopinda ni fasta yangu!"

"Na ile hima pale ni yangu," akasema Tembo kwa fahari. "Tazama ilivyonyooka."

Kifaru alitazama kwa muda mrefu.

"Tumelima," akasema.

Dirisha likafunguka.

"Karibuni togwa, wazee wangu," akaita Kindi. "Ahsanteni kwa ujima. Mlichelewa siku mbili tu."

Nami nimekomea hapo, wanangu: mtu akikuambia anakuja sasa hivi, tazama miguu yake kabla hujauamini mdomo.