Jiwe la Babu Josiah

Wahenga walituonya tusiwabeze watu ambao kesho tutawahitaji. Bibi Lavinia Hotchkiss alisikia onyo hilo kanisani mara nyingi, akadhani wanaambiwa waliokaa benchi la nyuma.

Alikuwa mwenyekiti wa Chama cha Mabinti wa Vita vya Uhuru katika mji wetu mdogo wa Connecticut, Marekani. Huingii humo mpaka uonyeshe, cheti kwa cheti, kwamba babu yako wa kale alipigana na mfalme wa Uingereza. Babu wa Lavinia alikuwa Josiah, na kwa ajili yake medali zilimjaa kifuani kama magamba ya samaki.

Tamsin Purdy, mwanachama mpya wa miaka ishirini, aliomba kazi ya kuchunguza nasaba.

"Nyinyi wasichana pangeni viti," Lavinia akamjibu. "Nasaba ina wenyewe."

Kibao cha shaba kilikuwa kiwekwe kaburini kwa Josiah Jumapili. Ijumaa wasichana wakatumwa kuosha jiwe lake, lililofunikwa na kuvu. Wakasugua taratibu kwa brashi laini, kama wanaomwosha mtoto mchanga, mpaka mwaka wa kifo ukajitokeza.

"Bibi," Tamsin akamwita, "huyu alifariki miaka sita kabla ya vita."

"Sugueni tena."

"Tumeshasugua, Bibi. Bado amekufa."

Wenzake wakainamia ndoo kuficha vicheko. Lavinia akapiga magoti, akasoma kwa kidole, akanywea. Kumbe vyeti vilichanganya watu wawili: Josiah aliyepigana alikuwa binamu wa jina lilo hilo, aliyekufa bila mtoto. Asiye na babu hana uanachama, sembuse kiti. Na kwa mjane wa miaka sabini na minane, chama kile ndicho kilichokuwa jamaa yake.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ndogo, "hebu niangalizie. Pengine yuko mwingine."

"Mimi wa viti, Bibi?"

"Usinimalize, mama."

Kibao kikaahirishwa, na wiki nzima Tamsin alifukua madaftari ya ubatizo. Akarudi na Thankful Potts, bibi wa kale wa upande wa mama yake Lavinia, aliyewaokea askari mikate majira yote ya baridi. Kwa sheria ya chama, kulisha jeshi ni kupigana.

"Mwoka mikate?" Lavinia akakunja uso. Ukoo huo aliucheka maisha yake yote.

"Nimrudishe?"

"Mwache hapo hapo alipo."

Ombi jipya lilitaka saini ya mwanachama wa kumdhamini. Tamsin akatia yake, na Lavinia, mwenyekiti mzima, akasimama mbele yake akisubiri wino ukauke. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo.