Mnana na Kura za Kiboko

Paukwa!

Pakawa.

Wa nyuma huko sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogezeni kuni, niwape ya Kiboko na kura zake. Mwenye mbunge asikilize, na anayetamani ubunge asogee karibu zaidi.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado na bunge lao, palikuwa na bonde liitwalo Mafunjoni. Katikati ya bonde kilipita kijito. Hakikuwa kikubwa, mtoto wa swala angekiruka bila kulowa kwato. Lakini kijito hicho ndicho kilichowalea wote wa pale: Chura na ukoo wake, Kanga na vifaranga vyake, Panya Buku na mashimo yake. Kilimlea pia Mnana, yule ndege mdogo wa manjano ambaye Mungu alimnyima ukubwa akampa ufundi wa kufuma.

Kiota cha Mnana kilining'inia kwenye ncha ya tete, juu ya maji. Ndani yake, kila msimu, mkewe aliatamia mayai matatu. Nyoka akipanda tete, tete liliinama, naye akaanguka majini, chubwi. Maji yakiwapo, mayai yalikuwa salama. Maji yakiondoka, tete lingekauka, na nyoka angepanda kama apandaye ngazi ya kwake.

Ikafika siku ya kuchagua mbunge. Wana Mafunjoni wote walikuwa wadogo, wakaulizana: tukimtuma mdogo mwenzetu, sauti yake nani ataisikia? Basi wakamtazama Kiboko, aliyelala kwenye dimbwi la chini, mwenye kinywa kipana kuliko mlango wa zizi.

Siku ya kampeni Kiboko alikifungua kinywa hicho mpaka Kanga akaweza kuhesabu magego. Akasema bungeni atasema. Akasema bungeni atauliza. Akasema kijito hakitaguswa, hakitaguswa, hakitaguswa. Wakampa kura zote, hata ya Mnana, hata ya mke wa Mnana, ambaye kwa kawaida hukubali kitu baada ya siku tatu.

Sasa bunge lenyewe lilikuwa Uwanda wa Vumbi, mahali pasipo mti wala kichaka, ila kichuguu kimoja tu, kirefu kuliko twiga. Spika alikuwa Kifaru. Kifaru ana sauti na ana pembe, lakini macho yake hayafiki mbali. Mikono ikiinuliwa haioni. Mwaka mmoja aliwahi kuhesabu mbuni waliokuwa wakipita njia zao, na sheria ikapita kwa kura za mbuni. Kwa hiyo ikawekwa desturi: wa Ndiyo waende magharibi ya kichuguu, wa Hapana waende mashariki yake, naye Spika apite akiwagusa kwa pembe mmoja mmoja, kwa heshima, huku akihesabu.

Kiboko akaenda, akarudi. Akaenda, akarudi. Kila mwezi mwandamo wana Mafunjoni walimzunguka dimbwini kumuuliza habari za bungeni, naye akawaambia kwamba amewapigania mpaka sauti imekauka. Kanga alisadiki, kwa kuwa kweli sauti ilikuwa imekauka. Mnana peke yake ndiye aliyetaka kujua amesema nini hasa. Kiboko akasema, mambo makubwa. Mnana akauliza, yapi? Kiboko akasema, mambo mazito. Mnana akauliza, lini?

Kiboko akapuliza maji puani. "Bwana Mnana, wewe ni fundi wa viota. Mambo ya bunge hayafumwi kwa majani."

Wenzake wakacheka. Mnana naye akacheka, maana hakutaka kuonekana amechomwa. Lakini alikuwa amechomwa.

Tangu siku hiyo, kila kulipokuwa na kikao, Mnana aliruka alfajiri hadi Uwanda wa Vumbi akatua kwenye ncha ya kichuguu. Alifuma utepe. Kila siku ya kikao ilipata uzi wake mmoja, uliosimama wima, asubuhi ikiwa juu na alasiri ikiwa chini. Kiboko akipiga kura ya Ndiyo, Mnana alifuma jani bichi. Akipiga Hapana, alifuma jani kavu. Akitoa hotuba, angechomeka unyoya wa kanga. Akiuliza swali, angefunga fundo. Na akifuma aliimba, polepole, ili asisahau:

*Fuma, mdomo, fuma.*
*Alilosema, weka.*
*Alilonyamazia, weka.*
*Aliposimama, weka.*

Niitikieni hapo. Alilosema?

Weka.

Alilonyamazia?

Weka.

Aliposimama?

Weka!

Ndivyo. Mwezi ukapita, ukapita wa pili, ukapita wa tisa. Mkewe Mnana akaanza kusema. Wanaume wenzake, alisema, wanafuma kiota cha pili kwa ajili ya watoto watakaokuja, lakini yeye mumewe anafuma kiboko. Mnana akajibu kwamba hata kiboko kina faida kikifumwa vizuri. Mkewe akasema faida ataiona siku kitakapotaga.

Unyoya uliochomekwa ulikuwa mmoja. Siku hiyo Kiboko alisimama mbele ya bunge zima, akapanua kinywa, kila mtu akanyamaza, naye akasema: "Leo kuna joto." Akaketi. Mnana alijishauri sana kama hiyo ni hotuba, mwisho akaihesabu, kwa kuwa alikuwa ndege wa haki. Fundo halikuwapo hata moja.

Ndipo ikaja habari mbaya. Tembo alipeleka bungeni hoja kwamba kijito cha Mafunjoni kigeuzwe, kipandishwe kilimani, kijaze bwawa lake la kuogea. Kura ingepigwa baada ya siku nne, asubuhi.

Mnana akarudi nyumbani mabawa yakiwa mazito. Akautundika utepe kwenye tete ili autazame, apate kujua mbunge wao atasimama wapi. Akautazama, asielewe. Kiboko alikuwa amesema Ndiyo kwa sheria ya kuwakataza viboko kula majani usiku. Alikuwa amesema Hapana kwa hoja ya kuishukuru mvua. Mnana akatikisa kichwa. Ni mnyama gani huyu anayejinyima chakula na kuichukia mvua?

Mkewe akachungulia kutoka kiotani. "Kusema kweli, baba watoto, pindo umelipatia. Juu kijani tupu, chini kavu tupu. Ungeniambia mapema unafuma pambo, nisingekusema."

"Sikufuma pambo. Nimefuma nilichokiona."

Akautazama tena. Juu, asubuhi, kijani tupu. Chini, alasiri, kavu tupu. Asubuhi zote Ndiyo. Alasiri zote Hapana. Akakikumbuka kichuguu, akalikumbuka jua, na miguu yake ikaachia tete, akawa karibu aanguke majini kama nyoka.

Kesho yake wana Mafunjoni wakakutana kwenye dimbwi la chini. Mnana akautandaza utepe mbele ya Kiboko, akausoma uzi kwa uzi. Aliposoma ile sheria ya kula majani usiku, Chura akasema sasa amejua kwa nini Mheshimiwa amekonda tangu masika. Aliposoma hotuba ya joto, vifaranga vya Kanga vilishindwa kujizuia, na mama yao akavifunika kwa mabawa ili vicheke kwa adabu.

Kiboko akanguruma kwamba utepe ni uzushi. Akanguruma kwamba yeye ni mbunge wala si mtoto wa kufuatwafuatwa. Akanguruma mara ya tatu, lakini mara ya tatu haikuwa na maneno.

Mnana akaruka, akatua kwenye pua yake, ili asilazimike kupaza sauti.

"Mheshimiwa," akasema, "wewe hupigi kura. Kivuli ndicho kinachopiga. Asubuhi kivuli cha kichuguu kiko upande wa Ndiyo, nawe uko Ndiyo. Alasiri kimehamia Hapana, nawe umehamia nacho."

Kiboko akazama majini mpaka masikio. Wakangoja. Akaibuka.

"Ngozi yangu inapasuka," akasema. "Ninyi hamjui. Kule hakuna tone la maji. Siku ya kwanza niliona kivuli, nikakifuata. Nikajiambia kesho nitasikiliza hoja. Siku ya pili nikajiambia kesho. Na mliponiuliza, niliona haya, nikawadanganya." Akageuza macho yake madogo kwa Mnana. "Mayai ya msimu huu nayo ni matatu?"

"Bado ni matatu."

Panya Buku, mpenda njia za mkato, akapendekeza wamwombe Spika kura iahirishwe hadi alasiri. Hapo Mheshimiwa angejikuta Hapana bila kusumbuka. Wengi wakaitikia kwa kichwa. Lakini Mnana alikataa. Alisema kama wangetaka kuongozwa na jua, wangelichagua jua, nalo lisingewasumbua kwa kampeni. Akamtazama Kiboko, akamuuliza atakwenda juani au hataenda.

Kiboko akasema atakwenda, ila hajui atafika na ngozi kiasi gani.

"Ngozi tuachie sisi," akasema Chura.

Wakaondoka usiku wa kuamkia kura, wote pamoja. Kila mmoja alibeba tope la kijito: Chura mashavuni, Panya Buku kwenye kifuu, Kanga kwenye jani la yungiyungi. Njiani Kiboko alimwomba Mnana amsomee utepe tena, na safari hii alitaka zaidi: hoja hii ilikuja saa ngapi, na nani aliileta? Mnana alikuwa anakumbuka yote. Kiboko akasikiliza, akatafuna, akasikiliza.

Asubuhi ya kura jua lilitoka likiwa na hasira zake. Spika Kifaru akasoma hoja ya Tembo, akawaambia wabunge wachague upande. Kivulini, upande wa Ndiyo, wakajaa kumi na mmoja, wakijipepea. Juani, upande wa Hapana, wakaenda wengine kumi na mmoja. Baadhi yao walikichukia kile kitendo cha kunyang'anya maji. Wengine walikuwa Mamba, Kenge na jamaa zao, ambao huota jua hata wasipoulizwa kitu. Akabaki Kiboko, kichwa kivulini, makalio juani.

"Mheshimiwa wa Mafunjoni," akasema Tembo kwa upole, akimpisha nafasi, "karibu hapa. Pamepoa."

Kiboko akavuta pumzi. Akapiga hatua moja, jua likamuuma mgongo. Akapiga hatua ya pili, ngozi ikaanza kukakamaa. Alipoinua mguu kwa hatua ya tatu, macho yake yakageuka yenyewe kuelekea kivulini.

Hapo Chura akafungua mashavu, pwaa! Tope baridi likampiga Kiboko begani. Panya Buku akamwagia kifuu, Kanga akatikisa jani lake. Vifaranga vikamkimbilia miguuni, kila kimoja na tone lake mdomoni. Tembo akalalamika kwamba wageni wanavuruga bunge. Spika Kifaru, aliyelowa pua, akauliza kama mvua imeanza. Kisha akaikumbuka kanuni, akaisoma kwa sauti: mgeni haruhusiwi kusema bungeni. Akatega masikio. Hakuna mgeni aliyekuwa akisema.

"Basi tuendelee," akasema Spika.

Na juu ya kichuguu, kwa sauti ya chini isiyovunja kanuni, Mnana alikuwa akiimba bila maneno. Maneno mnayajua. Aliposimama?

Weka!

Kiboko akasimama juani, mweusi kwa tope, akitoa mvuke kama chungu. Spika akapita akigusa kwa pembe: Ndiyo, kumi na moja. Hapana, kumi na moja, na huyu hapa laini laini, kumi na mbili. Kijito kikabaki kilipokuwa. Kanga akaanguka chali kwa furaha na vifaranga vikadhani amekufa.

Wabunge wakaanza kujinyoosha waende zao. Lakini Kiboko hakuondoka.

"Mheshimiwa Spika, nina swali."

Bunge zima likageuka. Mnana akaushika uzi wa siku hiyo kwa mdomo, akaanza kulifunga fundo la kwanza.

"Nimesomewa kura zangu njia nzima," akasema Kiboko. "Kila analolitaka Tembo huja asubuhi, kivuli kikiwa upande wa Ndiyo. Kila wanalolitaka wadogo huja alasiri, kivuli kikiwa upande wa Hapana. Naomba kujua, nani hupanga saa?"

Masikio ya Tembo yakaacha kupepea. Mamba akafumba kinywa. Waliokuwa kivulini wakatazamana, kisha wakakitazama kivuli chenyewe, kana kwamba ndiyo kwanza wanakiona. Na mmoja mmoja, Nyumbu kwanza, kisha Pundamilia, wakaanza kutoka nje yake.

Spika akakohoa. Akasema swali ni zuri, nalo litajibiwa kikao cha alasiri.

"Sawa," akasema Kiboko, akakunja miguu akalala palepale kwenye vumbi. "Nitangoja hapahapa juani."

Chura akatazama ndani ya mashavu yake, akaona yamekwisha. Basi akashika njia ya kijitoni kuchota mengine, na Panya Buku nyuma yake, na Kanga nyuma ya Panya Buku, na vifaranga nyuma ya mama yao, mstari mrefu wa wadogo kuvuka Uwanda wa Vumbi.

Hadithi yangu nimeifikisha, na hapo ndipo ninapoushusha mzigo.