Mguu wa Tandu Tumboni mwa Kiboko

Hapo zamani za kale, wanangu, ndani ya tumbo la Kiboko palikuwa na mji. Msicheke, hata matumbo yenu yana mji. Ulikuwa mrefu, mwembamba, umepindapinda, na nyuma ya ukuta wake ulipita mto wa damu.

Bi Konokono alishinda akiupaka ukuta ute ili wageni wabaya wateleze. Mchwa walitandika mikeka kila pembe, wakila mabaki ya majani, hata mgeni akose pa kukaa. Na Sisimizi, mdogo kuliko wote, alikaa kwenye tundu la ukuta. Kila kilichopita alikinyooshea kipapasio chake, akakionja.

"Wewe mtoto una udadisi," Bi Konokono alimwambia. "Tundu lako hilo ndilo litakalotuingizia balaa."

"Nisipoonja, bibi, nitajuaje?"

Siku moja Kiboko alikunywa maji machafu ya dimbwi. Gubu, gubu! Pamoja na maji akaingia Tandu, mrefu, mwekundu, mwenye sumu. Alitaka kuvuka ukuta aingie mtoni. Angefika huko, Kiboko angekufa, na mji wote ungekufa naye.

Akapanda ukuta. Chururu, akateleza. Akawaendea Mchwa.

"Sogeeni nikae."

"Pamejaa, bwana. Tumebanana kama uonavyo."

Tandu alikasirika, akatema sumu. Ute ukayeyuka, ukuta ukatikisika, Kiboko akaguna kwa maumivu. Bi Konokono alilia kweli.

Sisimizi alinyoosha kipapasio, akaonja. Uchungu gani huu? Hakuwahi kukutana nao. Aliogopa, lakini hamu ya kumjua mgeni huyu ilimzidi. Nyuma ya ukuta walilala Siafu, askari wa mji, nao walikuwa na desturi yao: hawaamki kwa maneno matupu, mpaka waletewe kipande cha adui.

"Shikamoo, bwana mkubwa," Sisimizi akaita kwa sauti tamu.

"Marahaba. Nani wewe?"

"Mimi bawabu tu. Mbona unahangaika na ukuta, na mlango upo hapa?"

"Huo? Hata kichwa changu hakipiti."

"Nitaupanua. Ila nisije nikakosea kipimo, ukachubuka bure. Hebu ingiza mguu mmoja nikupime."

Tandu alipenda kuhudumiwa. Akaingiza mguu. Kacha! Sisimizi akaukata.

"Umeniuma!"

"Samahani, bwana, nilikuwa napima. Subiri hapo, nafuata jembe."

"Fanya haraka. Miguu ninayo tele." Akajikunja mlangoni, akangoja kufunguliwa kama bwana harusi.

Sisimizi alikimbia kambini na ule mguu kinywani. Siafu wakaamka. Wakapokezana mguu, wakaunusa, wakaugeuzageuza, kisha wakaanza kupika gundi ya kunasa miguu ya namna ile tu, isiwaguse Mchwa wala Bi Konokono. Gundi ya namna hiyo haiivi upesi.

"Vipi huko?" Tandu alifoka.

"Jembe limepatikana, bwana. Tunatafuta mpini."

Mpini ulipopatikana, likakosekana jiwe la kunolea. Lilipopatikana jiwe, gundi ilikuwa imeiva.

Mlango ukafunguka, na gundi ikammiminikia Tandu. Nata! Mguu ukashika mguu, miguu ikashika tumbo, akawa fundo moja. Bi Konokono akamwaga ute wote aliokuwa nao, na mji mzima ukajikunja. Guruguru, guruguru, puuu! Tandu akajikuta nje, kwenye tope. Kiboko, maskini, alishinda kichakani siku ile, akiona haya hata kusalimiwa.

Baadaye alikuja nduguye Tandu, amejifunika majani mabichi yanayonukia.

"Hodi. Mimi mpita njia tu."

Safari hii aliyewahi kusema ni Bi Konokono. "Sisimizi, mwanangu, hebu mwonje."

Sisimizi akaonja, akacheka. "Karibu, bwana. Gundi yako iko tayari."

Hadithi yangu imeangukia papo hapo kwenye tope, wanangu: aliyemwonja adui mara moja hadanganyiki mara ya pili.