Mtamba wa Aliyemrudisha Masunga

Kaeni vizuri, na mwenye kikohozi akohoe sasa.

Walikuwepo wajukuu watatu wa Bibi Nyanzala wa Shinyanga, na kila mmoja alizaliwa na chake. Kabula alijua kuandika mapenzi mpaka jiwe litoe machozi. Holo alikuwa na sauti. Akikusomea hata risiti ya duka, utasikiliza. Lugembe hakuwa na utamu wowote. Chake kilikuwa kuuliza, na kuuliza tena, mpaka watu wakimbie.

Bibi yao alikuwa kitandani, macho yamekwisha. Ujanani alipendana na Masunga, mswagaji, mmoja wa wale waliopeleka ng'ombe kwa miguu hadi mashamba ya mkonge ya Tanga. Masunga alimwachia mtamba, ng'ombe jike ambaye bado hajazaa, akasema narudi. Hakurudi. Bibi akaolewa, akazaa, akazika mume, swali halikuzikwa.

"Sitaki kufa sijui kilichomzuia," aliwaambia. "Atakayenirudishia Masunga, hata kwa maneno, amchukue mtamba wa mwisho wa uzao wa yule aliyeniachia."

Kabula akaandika riwaya, miezi minane, mpaka vidole vikaota sugu. Lakini alikuwa amezisoma mno riwaya za mapenzi za wachunga ng'ombe wa Marekani. Masunga wake akaja juu ya farasi, buti zinang'aa, bastola kiunoni.

Holo alipomsomea, Bibi alicheka hadi akapaliwa. "Farasi? Pori la mbung'o alilipitaje huyo farasi, kwa maombi? Mume wa nani huyu mnaniletea?" Kisha akageukia ukutani, akalia.

Ndipo Lugembe akaondoka. Alifuata njia ya ng'ombe, mzee kwa mzee, Singida, Kondoa, mpaka Handeni. Akarudi na daftari. Waswagaji walivaa katambuga za tairi, wakala michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, wakalala ndani ya uzio wa miiba. Masunga alikosa kidole gumba cha mguu wa kulia, hivyo katambuga ya kulia aliifunga kwa kamba ya katani. Kabula akamshusha farasini, akamvua buti.

Lakini daftari lilikuwa na ukurasa wa mwisho. Masunga alioa Handeni, akajenga, akazeeka akicheza bao. Alikufa mwaka juzi.

"Na hilo liandikwe," Lugembe alisema.

"Liandike wewe!" Kabula akatupa kalamu. Kitabu kikabaki bila mwisho.

Holo akasoma, siku tatu, Lugembe amesimama mlangoni. Maandishi yakaisha, Holo hakunyamaza. Akasoma yasiyoandikwa: Masunga aliuza ng'ombe, akanunua khanga, akageuka kurudi, homa ikamkuta porini, akafa uso ukielekea Shinyanga.

Bibi akainua mkono. "Ngoja. Miguuni alivaa nini?"

"Katambuga, bibi. Ya kulia imefungwa kamba ya katani."

"Kidole chake," Bibi akanong'ona. "Hilo sijamwambia mtu. Basi ndiye. Alikuwa anarudi."

Lugembe akafungua mdomo. Akaufunga. Kweli yake aliyoitembelea mpaka Handeni ilikuwa imebebeshwa uongo kama punda, na bibi yake anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu masika.

Bibi alifariki Alhamisi, kabla ya chai. Alisema, "Aliyenirudishia Masunga apewe mtamba." Jina hakutaja.

Matanga hayajaisha, vinywa vikafunguka.

"Bila kitabu changu mngesoma nini, mikono yenu?" Kabula akauliza.

"Ungemwachia bibi kitabu kisicho na mwisho," Holo akajibu. "Mimi ndiye niliyemfumba macho akiwa na amani."

"Amani ya kamba yangu ya katani!" Lugembe akasema. "Bila hiyo angekucheka kama alivyomcheka farasi." Akatazama zizi. "Namtaka huyo mtamba. Ila sijui kama nitaweza kumtazama."

Basi. Ng'ombe mzima hagawanyiki mara tatu, na yule pale zizini anataka maji. Nyie wenye midomo, amueni: apewe nani? Na wewe uliyejikunyata huko nyuma, ungesimama pale mlangoni badala ya Lugembe, ungesema, au ungenyamaza?