Bi Nunu na Uraia Uliotoka London

Palikuwa na Sultani mmoja, Ghalibu, tumbo mbele akili nyuma. Alikwenda London kutibiwa jino, akarudi na sheria za uraia za Waingereza. Wenzake hurudi na chokoleti.

"Kuanzia leo," akatangaza, "kila ambaye baba yake hakuzaliwa mji huu ni mgeni! Aje athibitishe status yake, ama atoke kabla jua halijazama. No appeal!"

Watu wakapiga makofi. Appeal hawakuijua, lakini ilisikika tamu.

Wa kwanza kuitwa akawa Bi Nunu Machano, muuza mbaazi. Bahati mbaya? Wapi! Kibanda chake kilikuwa pale pale Sultani alipotaka kuegesha gari lake jipya. Kumbe immigration policy ni parking tu.

Barazani watu wamejaa. Nyuma ya Sultani kasimama katibu wake, kijana mwenye digrii mbili na kazi moja: kumpepea.

"Umezaliwa wapi?"

"Hapa hapa, Maulana, nyuma ya kisima."

"Kuzaliwa si hoja! Kwa Waingereza mtoto hutazamwa wazazi wake. Baba yako je?"

"Alitoka ng'ambo ya mto, na mkeka na njaa yake."

"Mgeni, binti wa mgeni!"

"Na paka wangu? Kazaliwa uvunguni kwangu, ila mama yake wa ng'ambo."

"Paka naye atoke! Haya, umeishi hapa mfululizo?"

"Umri wangu wote. Nilitoka mara moja tu, kumzika shangazi."

"Aha! Umekatisha! Anza upya. Na good character unayo?"

"Ninayo, ila huivaa Ijumaa tu."

Katibu akacheka, upepo ukakatika. Sultani akamkata jicho.

"Sasa mtihani. Mwingereza akikanyagwa mguu, nani huomba radhi?"

"Huyo huyo aliyekanyagwa."

Sultani akachungulia karatasi yake ya majibu. Ndilo jibu.

"Sawa, lakini umejibu kwa Kiswahili. Umefeli! Wewe ni mgeni. Full stop."

"Mgeni kabisa, Maulana? Hata chembe ya uenyeji sina?"

"Hata chembe!"

"Jamani, mmesikia?"

"Tumesikia!" baraza zima likaitika.

Wakati huo sinia la chakula cha Sultani likaingia, pilau inatoa moshi. Bi Nunu akavua ndara, akanawa mikono, akaketi mkekani, akalivuta sinia.

"We mwanamke! Unafanya nini?"

"Nakula, Maulana. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ama London wamekusahaulisha? Leo ni siku yangu ya kwanza."

Sultani akatazama huku na huku. Kumnyang'anya mgeni tonge mbele za watu! Mji ule, aibu hiyo ingefuata ukoo wake mpaka kaburini.

"Haya, kula! Siku mbili tu, kisha utoke!"

"Nitoke vipi? Siku ya tatu unanipa jembe. Mwenye jembe hulima. Mwenye kulima hapa, Maulana, huyo ni mwenyeji."

"Jembe sikupi! Sikupi ng'o! Never!"

"Basi itakuwa bado ni siku ya pili," akasema Bi Nunu, akilamba vidole. "Niongezee pilau."